Ondoa Risasi, Inamisha Mota

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Mbeya. Nimeunda glaida (ndege ndogo ya rimoti ya kuelea) ya mita 2 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, mabawa ya fomu (povu gumu jepesi) yenye ufito mmoja wa mwanzi katikati, upana wa bawa sentimita 20 mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa na gramu 620, nikiirusha kwa mpira ilielea vizuri sana. Nikatoa betri ya zamani ya risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na nati nilizokuwa nimeweka puani, nikaweka mota ya umeme na betri ya lipo (ya lithiamu) ya seli 3, miliampia-saa 2200. Sasa nikifungulia mota inainua pua, inapanda mpaka inasimama hewani, halafu inaangukia bawa la kushoto. Rafiki yangu akasema mkia umekuwa mzito, nikabandika puani gramu 90 za zile risasi za kubalansi tairi. Imezidi kuwa mbaya, na mota ikizimwa inakuja chini kwa kasi. Niongeze risasi au nikuze mkia?*

Marahaba, mdogo wangu. Usiongeze risasi hata gramu moja, na mkia usiuguse. Ndege yako ni nzima. Kama ilielea vizuri kabla ya mota, basi mabawa na mkia wake vinaelewana. Kilichobadilika ni uzito, mahali uzito ulipokaa, na mwendo. Rafiki yako ameona dalili ya kweli ila ametoa dawa ya ugonjwa mwingine, na nitakuonyesha kwa hesabu, maana vipimo ulivyonipa nilipokuuliza vinatosha kabisa.

Ulinieleza kwamba zamani ndege ilikaa sawa ukiibeba kwa vidole viwili milimita 65 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Leo inakaa sawa kwenye milimita 28. Bawa lako lina upana wa milimita 200, kwa hiyo kitovu cha uzito kimetoka karibu theluthi ya bawa kikasogea mbele hadi asilimia 14. Huo ni mbele mno. Glaida ya umbo lako kwa kawaida hutulia kitovu kikiwa kati ya asilimia 30 na 35, yaani milimita 60 hadi 70.

Sasa tuone kwa nini pua nzito inafanya ndege ipande. Wengi wanakwama hapa kwa sababu akili inakataa: vipi pua nzito ielekee juu?

Fikiria ubao wa kubembea watoto uliolazwa juu ya gogo. Upande mmoja umeweka jiwe. Ili ubao ukae sawa, lazima mtu akandamize upande wa pili. Kwenye ndege yako jiwe ni mota, betri na hizo risasi. Gogo ni bawa. Na mtu anayekandamiza ni mkia. Ndiyo maana umelazimika kuvuta trimu (kirekebishi cha kwenye rimoti) ya eleveta, kile kibao cha nyuma ya mkia kinachoinuka na kushuka, juu karibu yote. Eleveta ikiinuka, hewa inausukuma mkia chini, na pua inabebeka.

Lakini angalia tofauti ya hao wawili. Risasi haijui mwendo. Gramu 90 ni gramu 90 ndege ikienda polepole au ikienda mbio. Mkia unajua mwendo, tena sana, kwa sababu nguvu ya hewa inakua kwa mraba wa mwendo. Ndege ikitoka mita 8 kwa sekunde ikafika mita 12, mwendo umezidi mara 1 na nusu, lakini nguvu ya mkia imezidi mara 2 na robo. Uliiweka sawa kwa mwendo wa kuelea. Ukifungulia mota mwendo unapanda, mkia unakandamiza zaidi ya mara mbili, na bawa nalo linanyanyua zaidi ya mara mbili, huku jiwe likibaki lilelile. Pua lazima iende juu. Inapanda mpaka mwendo unaisha, bawa linaachia hewa, ndege inaanguka. Ukiongeza risasi utahitaji kuvuta eleveta zaidi, na ukivuta eleveta zaidi itapanda kwa nguvu zaidi. Unazunguka palepale na kila mzunguko unaongeza uzito.

Mkia ukiwa mzito kweli, dalili zake ni nyingine. Ndege haitulii hata mota ikiwa imezimwa, inayumba juu na chini, na ukigusa eleveta kidogo tu inaruka kama imechomwa sindano. Wewe mota ikizimwa inateremka imenyooka, kwa kasi. Hiyo ni pua nzito isiyo na shaka.

Na kuukuza mkia? Mkia wako ni sentimita 40 kwa 12, umekaa sentimita 75 nyuma ya bawa. Zidisha eneo la mkia kwa umbali huo, gawanya kwa eneo la bawa mara upana wa bawa: 480 mara 75, gawa kwa 4,000 mara 20. Unapata 0.45. Glaida nyingi nzuri ziko kati ya 0.35 na 0.5, kwa hiyo mkia wako umetosha. Ukiukuza, ndege itataka kitovu kiende nyuma zaidi, na wewe kitovu chako tayari kiko mbele. Utakuwa umeongeza tatizo lilelile kwa mlango mwingine.

Turudi kwenye uzito. Kutoka gramu 620 umefika 860. Bawa lako lina eneo la desimita za mraba 40, kwa hiyo kila desimita ya mraba ilikuwa inabeba gramu 15.5 na sasa inabeba 21.5. Mbeya iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mchana wa joto hewa ya hapo ina uzito wa kama asilimia 80 tu ya hewa ya Tanga au Dar. Kwa hewa hiyo, mwendo mdogo kabisa ambao ndege yako inaweza kuendelea kubebeka ulikuwa takriban mita 5.5 kwa sekunde, sasa ni 6.5. Inaonekana tofauti ndogo, lakini ndiyo hiyo unayoiona ikitua mbio. Mtu wa pwani akikwambia ndege yake ya uzito uleule inatua kwa upole, ni kweli, ila yeye anarushia kwenye hewa nzito. Kwenu nyanda za juu kila gramu inalipiwa, na propela nayo inashika hewa pungufu.

Kwa hiyo anza na kisu: bandua risasi zote. Kwa hesabu ya vipimo vyako, kitovu kitarudi kutoka milimita 28 hadi kama 52. Yaani hata kabla ya ushauri wa rafiki yako pua ilikuwa imeshazidi kidogo, kwa sababu betri ya 2200 ina karibu gramu 180. Hiyo ni betri ya ndege inayotaka mota iwake muda wote. Glaida haitaki hivyo. Tafuta ya seli 3 yenye miliampia-saa 1300, ambayo ina kama gramu 110. Ukiiweka palepale ilipo ile kubwa, kitovu kinakuja karibu na milimita 61 na ndege nzima inakuwa na gramu 700. Umerudi gramu 17.5 kwa desimita ya mraba, karibu sana na ile ndege uliyokuwa unaipenda.

Najua utauliza, je, betri ndogo si itaisha upesi? Mota yako ikila ampia 18 ukiwa umeifungulia yote, na ukatumia asilimia 80 ya betri, unapata dakika 3 na nusu za mota. Ila glaida unaiwasha mota sekunde 30 tu, inapanda mita 100 na kitu, unazima, unaelea. Hiyo ni mipando 7. Ikiwa inashuka nusu mita au zaidi kidogo kwa sekunde, kila mpando unakupa dakika 3 za kuelea hata pasipo hewa ya kupanda. Dakika 20 hewani kwa betri ya gramu 110! Ile ya 2200 ingekupa mipando zaidi, lakini kila mpando ungekuwa wa ndege nzito inayoshuka haraka.

Betri usiigundishe. Weka velkro, kwa sababu betri ndiyo risasi yako mpya: ukiisogeza sentimita 1 nyuma, kitovu kinarudi nyuma kama milimita 1 na nusu. Anza kuruka kitovu kikiwa milimita 60. Ukishaizoea ndege, rudisha kidogo kidogo, milimita 2 au 3 kwa siku moja, mpaka 66 au 68. Usiende kwa pupa. Na kila ukirudisha kitovu nyuma, shusha trimu ya eleveta. Siku utakayokuta eleveta imenyooka na mkia na ndege inaelea taratibu bila kuipigia kelele, umefika.

Kitovu peke yake hakitamaliza kazi. Bado mota inavuta kwa mstari ulionyooka na kiwiliwili, na upepo wa propela unapiga bawa na mkia. Hapa ndipo unainamisha mota. Wengine wanaona aibu kuinamisha mota, wanadhani ni kuficha kosa la uundaji. Hapana. Tazama picha za glaida za umeme za kiwandani kwa upande: mota nyingi zimeinama, kiasi tu kwamba jicho halishtuki.

Fanya hivi. Mota yako imeshikwa na skrubu 4 za milimita 3, na umesema zimekaa mraba, milimita 25 kutoka moja hadi nyingine. Nenda duka la vifaa ukanunue washa za skrubu hiyo, vile vipete bapa vya chuma, zile nyembamba za nusu milimita. Legeza mota. Nyuma ya skrubu mbili za juu weka washa 3 kila moja: milimita 1 na nusu. Sehemu ya juu ya mota inasogea mbele na ekseli inatazama chini kama nyuzi 3 na nusu. Hapo umetibu kupanda. Sasa kuhusu kuangukia kushoto: propela inazunguka kufuata mshale wa saa ukiitazama kutoka nyuma, na kila inapousukuma upepo upande mmoja, kiwiliwili kinataka kujipinda upande wa pili, yaani kushoto. Kwa hiyo ongeza washa 2 kwenye kila skrubu ya upande wa kushoto, ukiwa umekaa kama rubani, ili mota itazame kulia nyuzi 2 hivi. Ukimaliza, skrubu ya juu kushoto ina washa 5, ya juu kulia 3, ya chini kushoto 2, ya chini kulia haina kitu. Kabla ya kukaza hakikisha skrubu bado zinaingia za kutosha kwenye mbao. Kama zimefika ncha tu, nunua ndefu zaidi. Mota ikichomoka hewani inang'oa na pua.

Ukiruka na ukaona bado inapanda kidogo ukifungulia, ongeza washa 1 juu. Ikiinama, toa 1. Kama rimoti yako ina uwezo wa kuchanganya chaneli, unaweza kuiamuru ishushe eleveta kidogo kila mota inapowaka, lakini hiyo ni ya kupigia msasa tu. Ukianza na rimoti badala ya washa utakuwa unairusha ndege ikiwa inabishana na mota kila mara.

Halafu kagua bawa la kushoto. Mota inaeleza sehemu ya kuangukia upande huo, lakini fomu ina tabia yake. Ukiiacha juani au ndani ya gari imeegemea kitu, inajipinda pasipo kukuaga. Chukua rula mbili ndefu zilizonyooka. Moja ilaze chini ya bawa karibu na kiwiliwili, nyingine karibu na ncha, zote zikielekea mbele na nyuma, kisha simama nyuma ya ndege hatua tatu, ufumbe jicho moja na ulinganishe. Unachotaka kuona ni ukingo wa nyuma wa ncha ukiwa juu kidogo kuliko wa katikati, milimita 7 hivi kwa bawa la upana wako, ambazo ni nyuzi 2. Kwa namna hiyo ncha inatazama chini kidogo, na bawa likianza kuachia hewa linaachia katikati kwanza, ncha zikiwa bado zimeshika. Ndege inainamisha pua kwa heshima badala ya kujirusha ubavuni. Pande zote mbili lazima zilingane. Nina hakika utakuta kushoto kumepungua au kumegeuka kinyume. Kurekebisha, chana mkanda wa gundi wa upande wa juu, pinda bawa kwa mikono mpaka lipite kidogo kipimo unachotaka, mwenzako abandike mkanda mpya ukiwa umelishikilia. Ukiliachia litarudi kidogo na kukaa panapotakiwa.

Kuna jambo moja hukuuliza lakini limenikosesha raha tangu nisome barua yako: huo ufito mmoja wa mwanzi katikati ya unene wa bawa. Glaida yangu ya kwanza kuiwekea mota nilifanya kosa la risasi kama lako, na nilipojaribu kuitoa kwenye mbizi bawa lilikunjika katikati kama kitabu. Ufito wake ulikuwa mmoja, umelazwa bapa. Ulikuwa umevumilia mpira miaka miwili, lakini haukuvumilia mwendo wa mota. Ufito uliokaa katikati ya unene haufanyi kazi kubwa, kwa sababu bawa likipinda, anayevutwa ni upande wa chini na anayebanwa ni upande wa juu. Katikati hapavutwi wala hapabanwi. Pasua mwanzi mkavu upate fito mbili, upana milimita 6 na unene 2, ganda la nje la mwanzi ukiliacha maana ndilo lenye nguvu. Chimba mfereji mwembamba juu ya bawa na mwingine chini yake, mstari mmoja, uziingize fito na ujaze kati yake vipande vya mbao nyepesi vilivyosimama wima, nyuzi za mbao zikitoka ufito wa chini kwenda wa juu. Tumia epoksi au gundi nyeupe ya mbao. Supa gluu ya kawaida usiisogeze karibu na fomu nyeupe ya maboksi ya samaki. Inaiyeyusha mpaka unaona shimo.

Ukimaliza pindua ndege chali, tumbo likitazama juu, iegemeze katikati tu, na utandaze vifuko vya mchanga juu ya mabawa yote, jumla kilo 2 na nusu. Huo ni mzigo wa mara 3 na nusu ya uzito wa ndege, wa kutosha kwa kutoka kwenye mbizi ya kawaida. Likilia, afadhali lilie nyumbani.

Betri ya lipo, mtu asikudanganye kwamba ni kama betri ya tochi. Chaji kwa chaja inayosawazisha seli, ampia 1.3 kwa hiyo ya 1300, ukiwa upo hapohapo. Isipotumika ibaki volti 3.8 kwa seli. Iliyovimba haina dawa. Na kabla ya mruko wa kwanza zima rimoti ndege ikiwa imeshikwa na mtu, propela imetolewa, uone kama mota inazima yenyewe. Isipozima, panga upya risiva kabla ya jambo lingine lolote. Kuhusu mahali pa kurushia, TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ndiyo yenye anga, kwa hiyo waulize kwanza, na ukae mbali na njia za ndege za watu.

Siku ya kujaribu nenda asubuhi hewa ikiwa imelala. Mruko wa kwanza usiwashe mota. Itupe kwa mkono kwenye majani marefu, ikitazama upepo, pua imeinama kidogo sana. Itafute kwanza ile ndege yako ya zamani. Ikielea, ndipo ufungulie mota nusu, upande taratibu, uzime ukiwa juu sana. Sasa fanya jaribio moja ambalo linasema kweli kuliko kipimo chochote cha mezani: iinamishe nyuzi 30 hivi kwa sekunde 2, kisha uachie eleveta na usiiguse. Ikijinyanyua kwa nguvu, kitovu bado kiko mbele, rudisha betri nyuma. Ikizidi kuinama yenyewe, umepitiliza, irudishe mbele leo hiihii. Ikiendelea ilivyo na kujinyanyua polepole kama mtu anayeamka usingizini, acha betri hapohapo na uchore alama kwa kalamu ya wino.

Baada ya hapo ndipo usubiri saa tano, jua lianze kuchoma. Tazama mwewe. Akizunguka pasipo kupiga mbawa, chini yake pana hewa inayopanda. Zima mota, ingia kwenye duara lake upande uleule anaozungukia, na uone gramu 160 ulizoacha nyumbani zinavyokufaa. Ila ukiona chamchela linanyanyua vumbi uwanjani, kaa pembeni yake. Linapanda kweli, lakini limeshawahi kunirarulia bawa zima nikiwa nimesimama nimeishika ndege mkononi.